Mwanagenzi Mwenye Wajukuu

Mimi nilifundishwa ushonaji Mombasa na bibi mmoja aliyeamini kwamba njia ya kufikia cherehani hupitia jikoni kwake. Mwaka wangu wa kwanza nilijifunza kukuna nazi, kufua mashuka, kumbembeleza mjukuu wake na kumnunulia mumewe sigara bila bibi mwenyewe kujua. Cherehani nilikuwa naifuta vumbi tu. Siku moja nilimuuliza nitashona lini, akaniambia, "Mwanangu, papara ya nini? Hata tambuu hutafunwa polepole." Alisema hayo akiwa na tambuu shavuni, kwa hivyo ushahidi alikuwa nao.

Nasema haya mapema ili ieleweke nilikuwa na fikira gani kuhusu wanagenzi nilipofungua kazi yangu Garissa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilidhani mwanagenzi ni mtu anayefagia. Ukishampata, wewe huinami tena.

Garissa nilipelekwa na ndoa. Mume wangu alikuwa dereva wa serikali, akapewa uhamisho, na kwetu habari hiyo ilipokewa kama msiba. Majirani walikuja kunipa pole. Shangazi yangu, machozi yakimtoka, akaniuliza kama huko kuna maji.

"Yapo," nikamwambia. "Kuna mto Tana."

"Na mamba?"

"Nao wapo."

Akazidi kulia.

Nilikodi kibaraza sokoni, chini ya bati lililokuwa likipata moto kufikia mchana hata ungeweza kukaanga yai juu yake, kama yai lenyewe halijaiva kwenye kikapu. Mbele yangu palikuwa na jalala, na kwenye jalala wakitembea wale korongo wakubwa wenye vipara, mikono nyuma, kama makarani wastaafu wanaosubiri pensheni. Mbuzi wa mjini walikuwa wakila karatasi. Mmoja alinilia ruwaza nzima, ile karatasi ya kukatia kola, na nikamwona siku kadhaa baadaye akitafuna bila haraka, mwenye afya njema, huku mimi nikichora kola upya.

Kazi ilikuwa nyingi. Wanawake wa Kisomali walitaka madira na magauni ya ndani ya kuvalia chini yake, na kila shule ilipokaribia kufunguliwa kulikuwa na sare. Nikachukua mwanagenzi wa kwanza, msichana mpole sana. Alikaa kwangu mpaka akajua kushona nguo yake ya arusi, akaishona, akaivaa, akaenda zake. Sikumlaumu. Arusini nilikula vizuri.

Basi nikabaki peke yangu, nafagia mwenyewe, mpaka ulipokuja ule ukame wa katikati ya miaka hiyo, uliowafukuza watu wa mifugo kutoka Wajir na Mandera kuja mjini wakiwa hawana chochote cha kuchunga. Ndipo akaja yeye.

Alikuwa mama mrefu, mkavu, ameshika fimbo. Alisimama mbele ya kibaraza akaitazama cherehani, halafu akanitazama mimi, na nikaona wazi kwamba kati yetu wawili ameipenda cherehani.

"Wewe ndio mwenye mashini?"

"Ndimi, mama. Karibu. Nikushonee nini?"

"Habana shonea mimi. Mimi nataka shona."

Kwa Wasomali wengi wa kule, p mara nyingi hugeuka b na v hugeuka f, kwa hivyo hapana yake ilikuwa habana. Mimi mwenyewe baada ya miaka kadhaa nilikuwa nikirudi Mombasa najikuta naomba basi ya makaa, na watu wananionyesha kituo.

Nikamuuliza ametoka wapi. Akasema Hadado, upande wa Wajir. Alikuwa na ngamia, na ng'ombe wachache, na mbuzi wasiohesabika. Sasa alikuwa anaishi kwa binti yake katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa mji, na binti alikuwa na watoto wengi na mume mwenye maneno mengi.

"Na kwa nini cherehani, mama? Kuna kuuza maziwa, kuna kuuza miraa…"

"Mbuzi inakufa," akasema. "Ngamia inakufa. Mashini habana kufa. Habana kula majani."

 Nikamwambia nitamchukua. Lakini nikamkumbuka yule bibi wangu wa Mombasa, nikaona lazima mambo yaanze kwa utaratibu. Nikachukua ufagio nikampa. "Kwangu mimi," nikasema kwa sauti ya mwenye kazi, "mwanafunzi huanza kwa kufagia."

Akaupokea. Akaugeuza, akaukagua kama anayenunua mnyama mnadani, akaona ni ufagio mzuri. Akanirudishia. Kisha akaketi kwenye kigoda cha wateja, akanyoosha miguu.

"Fagia," akasema. "Mimi naangalia."

Nikafagia. Sijui kwa nini. Nadhani ni ile sauti. Mtu aliyezoea kuita ngamia walio upande wa pili wa mbuga hana sauti ya kuombea.

Tangu siku ile nilimwita Edo, yaani shangazi, kwa sababu umri wake haukuruhusu jina jingine. Yeye aliniita *gabar*, yaani binti. Wateja walikuwa wakifika, wanamsikia akisema, "Gabar, lete uzi," nami naleta uzi, halafu wanamtolea yeye maelezo ya nguo wanayotaka. Kwa muda mrefu nusu ya soko iliamini kwamba duka ni lake na mimi ni mfanyakazi aliyeletwa kutoka pwani.

Kumfundisha ilikuwa adhabu. Cherehani ya miguu inataka utulivu: mguu wa mbele, mguu wa nyuma, mdundo mmoja. Ukikosea, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Edo alipokosea, aliisemesha mashine kwa zile sauti za kusemeshea mbuzi, ulimi ukigonga kaakaa. Isipotii, anaichapa kofi ubavuni. Mshono wake ulikwenda kama mtu anayetafuta mnyama aliyepotea: huku, kule, unasimama, unarudi, unaingia kichakani. Aliwahi kushona gauni la ndani akaliziba pande zote mbili. Mteja alilirudisha akiwa amelikunja vizuri, akaniuliza kwa adabu kama ni mto.

Kingine kilichoniudhi ni sindano. Kila uzi ulipotoka, Edo hakuutia mwenyewe. Alikuwa akisimamisha mtoto yeyote anayepita njiani. "Wewe! Njoo tia!" Watoto walianza kupita barabara nyingine. Nikawa najiambia, tazama kiburi cha mama huyu, hata kutia uzi anataka mtumishi.

Nikamlalamikia mume wangu nyumbani.

"Mfukuze basi," akasema.

"Mfukuze wewe."

"Mimi? Duka ni lako."

"Wewe ni mwanamume. Wewe unaendesha lori la serikali. Nenda kamwambie."

Akaenda, masikini, asubuhi, kifua mbele. Mimi nilichelewa kwa makusudi ili nisiwe shahidi. Nilipokuwa njiani nikakutana naye anarudi, amevaa fulana ya ndani tu.

"Shati liko wapi?"

"Kifungo kilikuwa kimelegea," akasema bila kunitazama. "Amekiona tangu nikiwa kule kwenye duka la nyama. Amesema nilivue."

"Na ulimwambia?"

"Nilimwambia ahsante."

Nilicheka njia nzima. Lakini nilipofika kibarazani na kumwona Edo ameshika lile shati, kicheko kikakatika. Alikuwa amelinyoosha mbali kabisa na uso wake, mkono mzima, kichwa amekirudisha nyuma, na bado kifungo alikuwa anakishona kwa kupapasa. Kifungo alikiona kimelegea kutoka kwenye duka la nyama. Kilipokuja mkononi hakukiona.

"Edo," nikasema, "yule anayekuja kule mwisho wa soko ni nani?"

Hakuhitaji hata kukaza macho. "Mke wa muuza chumvi. Amenuna."

Nikachukua sindano nikaiweka mbele ya pua yake. "Na hii tundu lake liko wapi?"

Akaishika, akaigeuza.  Halafu akasema, kwa hasira kidogo, "Sindano ya siku hizi habana tundu."

Mle sokoni kulikuwa na mchuuzi aliyetandaza gunia la miwani, ya jua na ya kusomea, mpya na ile iliyokwisha kuvaliwa na marehemu. Nikamshika Edo mkono. Alijaribu moja baada ya nyingine, akiitazama sindano niliyokuwa nimeishika juu, na watu wakajazana kutoa maoni. Iliyomfaa ilikuwa na fremu nyekundu, imechongoka pembeni, ya kimaridadi, ambayo bila shaka ilivaliwa kwanza na mwanamke mwenye mambo yake. Mchuuzi akamwambia amependeza. Edo akamwambia anyamaze.

Tukarudi. Akakaa, akavuta kapu la kazi zake, akatoa shimizi alilolishona wiki ile, akalisogeza karibu na uso. Akaligeuza. Akafuata mshono kwa kidole mpaka pale ulipoingia kichakani.

"Nani ameshona hii takataka?"

"Wewe, Edo."

Akatoa nguo nyingine. "Na hii?"

"Wewe pia."

Akaishusha miwani puani, akanitazama juu yake. "Na wewe gabar, siku zote unaona, unanyamaza?"

Nilitaka kujitetea kwamba sikuwa nimenyamaza, nilikuwa nikinung'unika kila siku. Lakini kunung'unika nilinung'unikia mume wangu, jikoni. Kwake yeye nilikuwa nasema "sawa Edo, itakuja," kisha nafumua kwa siri. Nilikuwa namfundisha kama mtu anayengoja mwanafunzi achoke aende.

"Kuanzia leo nitakwambia," nikasema.

"Sema," akajibu. Halafu akanisogelea, akanichunguza uso kwa mara ya kwanza kupitia vioo vile. "Subhanallah. Mimi nilifikiri wewe ni msichana. Kumbe umezeeka."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundisha kweli. Nilikuwa nasema pale pale: hapa umepinda, hapa umevuta sana, fumua. Naye alikuwa akibisha, anaapa wallahi kwamba ni kitambaa ndicho kilichopinda, halafu anafumua. Alipokuwa anakwenda kusali, mimi nakaa mlangoni. Nilipokwenda mimi, anakaa yeye, na wateja walioingia wakati huo walitoka wameagiza nguo mbili badala ya moja. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na chapati kwa gharama yangu, kwa sababu niligundua kwamba mtu aliyetembea kutoka ule mtaa wa mbali bila kula hushona vibaya hata akiwa na miwani. Kidogo kidogo mshono ukanyooka. Mapindo akayaweza, lastiki ya kiunoni akaiweza, vifungo akawa ananishinda kwa kasi. Nguo za wateja zilianza kuwa na tundu la kutokea.

Kilichobaki ni mkasi.

Mtu ambaye hajakaa kwenye ufundi huu hajui siasa ya mkasi. Kushona watu wengi wanaweza. Kukata ndiko ufundi, na mafundi wa zamani hawakumwonyesha mwanagenzi namna ya kukata mpaka wakaribie kufa, na wengine walipitiliza. Yule bibi wangu alikuwa akinigeuzia mgongo anapokata, kama anayeoga. Nilijifunza kwa kuchungulia. Na mimi, bila hata kufikiri, nikawa namgeuzia Edo mgongo.

"Gabar," akaniambia siku moja, "unaficha nini huko?"

"Sifichi kitu. Nakata."

"Mimi lini nakata?"

"Polepole, Edo. Mambo ni hatua."

"Mtu anafundisha mwingine kukamua," akasema, "lakini anaficha ngamia."

Nikamwambia kitambaa ni ghali, akikosea ni hasara. Akasema basi nimpe kitu kisicho ghali. Nikampa magazeti ya zamani ambayo mume wangu alikuwa akiyaleta kutoka ofisini. Nilifikiri atachoka. Akaanza kukata kaptura za magazeti, magauni ya magazeti, makoti, akiyatundika kwenye kamba mbele ya duka. Mbuzi walifika kutoka kila mtaa. Wajukuu zake wakavaa. Ukipita jioni unamwona mtoto anakimbia na picha ya waziri kwenye makalio.

Baada ya hapo nilimwacha akate vitu vyepesi, mapazia, mito. Sare nilikuwa nakata mwenyewe. Kupima pia nilipima mwenyewe, maana tarakimu za kwenye futi hakuzisoma na mimi sikuwa nimepata nafasi ya kumfundisha, au nilisema sijapata.

Mwishoni mwa mwaka mmoja mdogo wangu akaolewa, nikashuka Mombasa kwenye arusi. Nilikuwa nimepokea kazi ya sare za shule ya msingi, nyingi, za kuchukuliwa kabla ya muhula wa Januari. Nikamwachia Edo zile nilizokwisha kukata azishone. Vitambaa vilivyobaki nikavifungia sandukuni pamoja na mkasi mkubwa, ufunguo nikampa mume wangu. Nilikusudia kurudi upesi.

Ndipo ikaja ile mvua kubwa. Redio iliipa jina la kigeni na ikaieleza kwa habari za bahari za mbali, lakini kwetu ilikuwa maji tu, yakishuka kana kwamba yanadaiwa na ukame. Tana ukafurika. Barabara ya Garsen ikawa bwawa, ya Nairobi nayo ikakatika. Mwaka mpya ulinikuta Mombasa, nala pilau za wageni waliokwama kama mimi, najitia kutafuta gari kila asubuhi. Simu ya ofisi ya mume wangu ililia bila kujibiwa, kisha ikaacha hata kulia.

Mwishowe nikapata lori la unga lililothubutu. Tulisukuma zaidi ya tulivyopanda. Mahali pamoja tulivushwa kwa mashua juu ya kitu ambacho dereva aliapa kwamba ni barabara. Niliingia Garissa nina matope mpaka kwenye nyusi, nikaenda moja kwa moja sokoni.

Kwenye cherehani yangu alikuwa amekaa msichana nisiyemjua. Pembeni yake msichana mwingine, anashona vifungo. Kwenye kiti changu, kile chenye mgongo, alikuwa Edo na miwani yake nyekundu, mkasi mkubwa mapajani.

"Umechelewa," akasema.

"Hawa ni nani?"

"Wanafunzi."

"Wanafunzi wa nani?"

"Yangu. Kazi ilikuwa mingi. Wewe habana kuja. Hawa ni wakimbizi kutoka Somalia, mama yao nilikutana kisimani. Wanajua kidogo. Mimi nasema, wao wanashona."

"Na sanduku?"

"Bwana yako alifungua."

Baadaye nilimuuliza huyo bwana yangu. Akasema alijaribu kukataa, lakini Edo alimwambia afungue, na yeye ana uzoefu na Edo.

"Na sare?" nikauliza.

"Bado kidogo. Nyingine wamechukua."

Nikashusha pumzi. Nikaona labda mambo si mabaya. Nikawapa wale wasichana mkono, wakanisalimu kwa haya, na nilikuwa nimeanza kujisikia tajiri, mtu mwenye wafanyakazi watatu, pale mwalimu mkuu alipotokea. Alikuwa bwana mstaarabu kutoka bara, mwenye tai hata katika joto lile. Nyuma yake walikuja wanafunzi wachache kama ushahidi mahakamani.

"Mama, umerudi," akasema. "Nashukuru. Naomba utazame."

Nikatazama. Mbele alikuwa kitoto cha darasa la kwanza ndani ya gauni ambalo lingemtosha mama yake, likiburura chini, mikono imepotea. Aliyefuata alikuwa na kaptura iliyoanzia kwapani.

"Huyu ameingia," akasema mwalimu mkuu akimwonyesha wa gauni, "lakini hatujui atatokea wapi."

"Edo!" nikasema. "Ulipima?"

"Nilipima."

"Ulipima nani?"

"Msichana moja. Mrefu, wa darasa ya mwisho. Nilipima yeye kwa kamba."

"Na wengine?"

"Mkubwa ikitosha, ndogo ataingia." Akamgeukia mwalimu mkuu kwa upole, kama anayemsomesha. "Mwalimu, mtoto anakua. Fitambaa haikui."

Mwalimu mkuu akalegeza tai. Wale wasichana wawili wakainama juu ya kazi zao, mabega yanatetemeka. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli, na bado nikajikuta nacheka, matope yakipasuka usoni. Huwezi kumkaripia mtu kwa kukosea kupima ikiwa wewe ndiye uliyeifungia elimu ya kupima pamoja na mkasi. Nikamwambia mwalimu mkuu, "Waache watoto. Tutazipunguza zote."

Na ndivyo tulivyofanya, watu wanne, kibaraza kizima kimejaa samawati ya sare. Nilimfundisha Edo kupima kwa namna yake: kwa kuwa tarakimu hazikumwingia, tulifunga mafundo kwenye kamba, kamba ya watoto wadogo, ya wa kati, ya wakubwa, na kila mtoto tukamsimamisha pale pale. Tulipotaka kukata kilichozidi, Edo akanishika mkono. Akasema tukikunje kwa ndani. Basi tukakunja: pindo nene, kiuno kilichokunjwa mara mbili, mikono iliyopigwa mikunjo. Watoto walitembea wametuna kidogo kama sambusa, lakini walitokea.

Wazazi walipoelewa kwamba mwaka unaofuata watafumua tu pindo na sare itaongezeka, wakaja hata wale wa shule nyingine. Mwalimu mkuu alisema yeye aliona faida hiyo tangu mwanzo. Edo akamjibu kwamba naye alimwona siku ile, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeona faida.

Wale wasichana walibaki. Nilitarajia Edo atawafanyia kama nilivyofanyiwa mimi, awatume, awanyime. Siku zote wanaopigwa ndio wanaojua kupiga. Lakini yeye alikuwa amewapa kitambaa na mkasi tangu siku ya kwanza, hata hawajui kukaa vizuri kwenye kiti. Nilimuuliza kama hakuogopa wataharibu.

"Wameharibu," akasema. "Na wewe umevaa."

Nikajitazama. Leso niliyojifunga, ile niliyopewa na mmoja wao siku niliyofika na matope, ilikuwa imeungwa kwa vipande vya kitambaa cha sare.

Majani yalikuwa yameota upya kote baada ya mvua, na watu wa mifugo wakaanza kurudi kwao. Edo akaniambia naye anarudi Hadado. Kaka yake alikuwa amepata mbuzi.

"Na ushonaji?" nikauliza. "Umejifunza yote haya ukachunge mbuzi?"

"Mbuzi atachunga kaka. Kule watu wanavaa nguo pia."

Nyumbani kwangu nilikuwa na cherehani ya mkono, ile ndogo ya kwanza niliyoanza nayo maisha. Nilimwambia mume wangu nataka kumpa Edo. Akanung'unika kwamba ile ni ukumbusho. Nikamwambia basi aende akamwambie Edo mwenyewe kwamba hatumpi. Akaenda kuifunga kwenye gunia.

Asubuhi ile ya safari tulimsindikiza pale malori yanapopakia. Lori lilikuwa limejaa sukari na unga, na juu ya mizigo ndipo abiria. Edo alipanda kwa nguvu zake mwenyewe, fimbo mkono mmoja, akakataa kusaidiwa, halafu akamwamuru utingo amkabidhi gunia la cherehani polepole kama mtoto mchanga. Akaketi, akalipakata. Alikuwa amevaa miwani, ingawa huko juu hakukuwa na kitu cha karibu cha kutazama.

Nilitaka kusema jambo zuri. Mwenye kazi anatakiwa kusema jambo anapomuaga mwanagenzi wake. 

"Edo, usisahau kutia mafuta," nikasema.

"Gabar," akajibu kutoka juu, kwa ile sauti, soko zima likageuka, "hao wasichana, usifiche wao kitu!"

Lori likaondoka. Wale wasichana walilia. Mimi nilisema ni vumbi.

Habari zake zilifika kupitia kwa madereva. Mmoja alisema amemkuta chini ya mti, foleni ya wateja, anawafokea. Mwingine akaleta maagizo: nimpelekee uzi, wa buluu, si mweusi, na sindano zile nene, na nisimpe dereva pesa maana yeye Edo amekwisha kumlisha. Nikampelekea. Akaagiza tena, nikapeleka tena. Nilipopata habari kwamba mume wangu amehamishwa kurudi pwani, duka nikawaachia wale wasichana wawili, na jambo la mwisho nililowaonyesha kabla ya kufunga mizigo yangu ni mahali pa kupata uzi wa buluu kwa jumla na dereva yupi anayekwenda Hadado.